Mdakaji wa Pili

Oktoba 14

...na ndiyo maana sikubali kuitwa mjinga, maana hata Wandel mwenyewe, mume wangu wa siku kumi na moja (nimeandika mume wangu! naandika tena: mume wangu!), hakunionya. Alinieleza kila kitu kuhusu nyumba ya wazazi wake. Kwamba bomba la bafuni linavuja, kwamba baba yake hukoroma, kwamba tutalala chumba hiki cha nyuma mpaka tumalize kujenga ghorofa yetu huko juu, ambayo kwa sasa ni nondo tu zinazochungulia mbingu. Lakini hakuniambia kwamba hapa Nagua, katika nyumba hii, mtu hakai kutazama besiboli bila kuwa na mchezaji wake.

Kila mtu ana mmoja. Ni mmoja tu, na watu wawili hawamshiki mmoja. Unamtaja kwa kinywa chako mbele ya wote, na ukishamtaja ni wako mpaka atakapoiacha timu. Akikosea uwanjani, wewe unainuka kwenda kuchemsha kahawa ya nyumba nzima. Akifanya la maana, unakalia kiti cha kubembea kilicho mbele ya feni, na wengine wananyamaza ukijisifu.

Jana ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu. Televisheni ilitolewa barazani, majirani wakaja na viti vyao. Baba mkwe, Don Fausto, ana mrushaji mkuu wa Pomboo, timu yetu. Wandel ana yule mwenye mbio anayelinda nyuma kabisa ya uwanja. Wifi yangu Clarivel ana mlinzi wa katikati, na hakanushi kwamba ni kwa ajili ya sura. Mama mkwe, Doña Milqueya, ana Sabino Tejeda, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinga ya nyaya usoni. Ana misimu kumi na minne naye.

"Na bibi harusi?" Don Fausto akauliza.

Nikajibu kwa furaha kwamba mimi tangu utotoni, kule kwetu Constanza, kwenye redio ya baba, nilikuwa wa Marmolejos.

Clarivel akafanya ishara ya msalaba.

"Marmolejos alihamia kwa wapinzani mwezi wa nane," Wandel akaninong'oneza, sikio limemwiva.

"Jina hilo tulishalizika," akasema Doña Milqueya, wala hakunitazama. "Chagua mwingine, mwanangu. Tena taratibu. Ndoa umeingia haraka, hili usiharakishe."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka mwisho wa mechi, maana asiye na mchezaji hana kiti.

Oktoba 15

Pomboo 3, wageni 2. Wandel kaniletea machungwa yaliyokwisha kumenywa. Ninampenda mpaka meno yananiuma.

Oktoba 22

Nimechagua! Anaitwa Hollis Brandt, Mmarekani, mrefu kama nguzo ya umeme, ndevu nyekundu. Leo alipiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka tangazo la rangi za nyumba, ukaangukia barabarani. Nikasimama juu ya ndoo yangu nikapiga kelele, "Huyo ni wangu!"

Nilitarajia vigelegele. Wakatazamana.

"Mgeni?" akauliza Don Fausto.

"Kwani kuna sheria inayokataza?"

"Sheria haipo," akasema Doña Milqueya. "Kuna Krismasi tu."

Sikumwelewa. Nimepewa kiti cha plastiki, cha kijani. Nimeshukuru kama niliyepewa shamba.

Oktoba 30

Mvua. Mechi imeahirishwa. Mimi na Wandel tulikaa ndani tukisikiliza maji yakianguka juu ya mabati, tukapanga dirisha la jiko letu litatazama wapi. Yeye anataka litazame barabara. Mimi nataka litazame bahari. Tumekubaliana madirisha mawili.

Novemba 9

Nimekalia kiti cha kubembea mara nne ndani ya wiki moja! Hollis wangu hakamatiki. Clarivel anasema nimeanza kubembea kama mke wa seneta.

Doña Milqueya ni mwema kwangu, sijui niseme nini zaidi. Ananionyesha namna ya kupika samaki kwa tui la nazi kama wanavyopenda hapa, ananiita mwanangu. Lakini ni wema wa mtu aliyeletewa mgeni. Nikitaka kuosha sufuria ananipokonya: "Acha, acha, wewe pumzika." Clarivel haambiwi apumzike. Clarivel anafokewa. Mungu anisamehe, ninamwonea wivu anavyofokewa.

Novemba 21

Leo Doña Milqueya amechemsha kahawa mara tatu.

Wapinzani wamegundua kwamba mkono wa Sabino umechoka. Mkimbiaji akiiba besi, yaani akichomoka kwenda kituo kinachofuata mpira ukiwa haujapigwa, Sabino hurusha, na mpira huo unafika ukidunda kama mtu aliyeteguka kifundo. Awamu ya pili waliiba, ya nne wakaiba, ya tano mpira ukampita mlinzi kabisa. Kila mara mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na birika. Tulikunywa mpaka mikono ikatetemeka. Hakuna aliyethubutu kukataa kikombe.

Awamu ya saba kocha alimtoa Sabino akamwingiza kijana, Yeudy Pichardo, miaka ishirini na mmoja. Doña Milqueya akazitazama kucha zake.

Novemba 22

Pichardo tena.

Novemba 25

Pichardo tena. Kuna jambo linanishangaza: mtu akitaka kumtaja, husema "yule mwingine". Anadaka vizuri, anapiga vizuri, na hakuna jirani hata mmoja aliyemchukua. Nilimuuliza Wandel chumbani.

"Ukimshika huyo," akaniambia, "kila siku utakayofurahi, mama atakuwa na msiba. Nani anataka hilo?"

Desemba 2

Naandika kwa siri, na kalamu inaona haya. Ninapenda kumtazama Pichardo.

Kabla ya kila mrusho anagusa udongo kwa vidole viwili. Mrushaji akibabaika, humfuata hadi katikati ya uwanja, akamwambia neno kinywa kikiwa nyuma ya glavu, na mrushaji hucheka. Anamwambia nini? Ningetoa pete yangu kujua. (Hapana, pete sitoi. Ningetoa hereni.) Na jana mkimbiaji alipotoka kuiba besi ya pili, Pichardo alirusha akiwa bado amepiga magoti, hata hakuinuka, na mpira ukaenda kama uzi uliovutwa. Mkimbiaji alikuwa bado hatua tatu nyuma.

Barazani hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilikunja vidole vya miguu ndani ya kandambili kwa nguvu, nikajisingizia kukohoa.

Sijafanya kosa lolote. Mtu wangu ni Hollis.

Desemba 11

Hollis ameondoka.

Redio ndiyo iliyosema, saa mbili asubuhi, kati ya bei ya mchele na hali ya hewa: mkewe anakaribia kujifungua, amepanda ndege jana, hatarudi. Basi! Mipira thelathini na miwili hivi aliyonipigia, na hata "kwaherini, watu wa Nagua" hakusema.

Nililia, ndiyo, nililia, na Wandel akanikumbatia huku akijizuia kucheka, tumbo lake likitikisika.

"Kila mwaka wanaondoka kabla ya Krismasi, mpenzi wangu. Hata watoto wa hapa wanajua. Mgeni unamshangilia, humchagui."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umependeza sana juu ya ile ndoo."

Nimemsamehe saa ile ile. Ila nimerudi kwenye ndoo.

Desemba 16

Msimu wa pasteles. Doña Milqueya anauza mia tatu kila Desemba, na jikoni hapapitiki. Tunakuna ndizi mbichi na viazi, tunaweka nyama katikati, tunafunga kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, tunakaza kwa uzi. Leo niliruhusiwa kukuna. Vyangu vilivuja.

Clarivel akaniuliza, uzi mdomoni, "Mumeo wa Kimarekani amekuacha mjane. Sasa nani? Wote wamekwisha. Amebaki nani?"

Nikasema polepole, "Si yupo..."

"Nyamaza wewe."

Doña Milqueya alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, akipanga majani. Hakugeuka. Lakini aliacha kupanga.

Desemba 21

Ee Bikira Maria wa Altagracia, nimefanya nini.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza. Tukishinda, tunaingia katika timu nne za juu. Tukishindwa, msimu umekwisha. Kocha alimwanzisha Sabino, kwa heshima, nadhani. Doña Milqueya alivaa gauni lake la bluu. Mpaka awamu ya nane tulikuwa mbele kwa moja, na Sabino alikuwa amedaka kila kitu, hata mipira iliyopiga udongo, kwa kifua, kwa shingo. Nilimfurahia kweli, naapa. Halafu wakaiba besi ya pili, wakaiba ya tatu, mkimbiaji wao akamaliza mzunguko, mchezo ukawa sare, na kocha akatoka akitembea taratibu. Kila mtu alijua. Sabino akavua kinga ya uso. Akampigapiga Pichardo begani akapita.

Awamu ya tisa mpigaji wao aliupiga mpira mbali, na mkimbiaji aliyekuwa besi ya pili akaizunguka ya tatu akaja mbio kwenye besi ya nyumbani, anapokaa mdakaji, kama fahali aliyekata kamba. Mtu wa Wandel akaurudisha mpira. Pichardo akaudaka, akasimama mbele ya besi, peke yake, na yule mtu mkubwa akamvaa. Vumbi. Viatu hewani. Vumbi likatulia, na Pichardo yuko chini chali, mkono juu, na mpira ungali ndani ya glavu: mkimbiaji ametolewa.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ndoo. "PICHARDO! PICHARDO WANGU WEE!"

Wangu. Ndivyo nilivyosema. Mtaa mzima ulisikia. Mbwa wa jirani alibweka.

Na nilipogeuka, baraza lote lilikuwa likimtazama Doña Milqueya. Aliinuka, akalainisha gauni la bluu, akaingia ndani. Dakika chache baadaye, zamu yetu ya kupiga, tukapata mkimbio mmoja wa ushindi, tumeingia timu nne, majirani wakagonga masufuria, na mimi nikakaa katikati ya furaha ile kama niliyevunja sahani ya harusi ya mtu.

Desemba 22

Amenisalimia. "Habari za asubuhi, Yaniris." Jina langu. Si mwanangu.

Desemba 24

Nguruwe wa kuokwa, wali na mbaazi, mkate mrefu wa Krismasi, zabibu. Kila kitu kitamu. Doña Milqueya alinipakulia mwenyewe, kipande bora, chenye ngozi inayovunjika, kama anavyopakuliwa padri. Nilimshukuru.

Desemba 28

Ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa! Ulidumu robo saa, na nusu yake tulikuwa tumeshikana mikono.

"Chagua mwingine tu," Wandel akasema. "Kuna mrushaji wa akiba, yule mnene. Hana mtu. Mama atasahau."

"Simpendi mnene."

"Hukunipenda mimi siku ya kwanza."

"Nilikupenda kabla ya siku ya kwanza! Na ndiyo maana najua. Moyo hautafutiwi wa akiba, Wandel. Nikimtaja mnene nitakuwa nimedanganya mbele ya familia yako, na nitakaa kwenye kiti cha uongo mpaka nizeeke."

Akanikazia mkono. Halafu akasema, "Nimeoa mtu hatari," na akanibusu kwenye paji la uso. Lakini hakuniambia nifanye nini.

Januari 3

Nataka kuandika yote, nisisahau hata punje.

Don Fausto alikuwa na tiketi mbili za uwanjani, na asubuhi akaamka na homa ya mafua, pua kama nyanya. Wandel alikuwa ameitwa kutengeneza friji za duka la nyama. Clarivel akasema ana miadi, na nina hakika hakuwa nayo. Doña Milqueya akazitazama zile tiketi, akanitazama mimi. "Vaa viatu vya kufunga," akasema. "Kule wanamwaga bia."

Tulitembea mpaka uwanjani bila kuzungumza, ila alipoona dimbwi alinishika kiwiko. Viti vyetu vilikuwa karibu kabisa na banda la wachezaji wetu. Sijawahi kuwa karibu hivyo. Unasikia mpira ukiingia kwenye glavu, pwaa, kama kofi. Pichardo ndiye aliyeanza. Sabino alikuwa bandani, amevaa jezi safi isiyo na vumbi, na hilo peke yake lilinifanya nitazame pembeni.

Muuza karanga akapita. "Doña Milqueya! Mtu wako leo amestarehe, eeh?"

"Mama yako ndiye amestarehe kwa kukutoa nyumbani. Nipe mbili, na zisiwe za jana."

Akanipa moja. Tukala. Awamu ya tatu Pichardo alipiga mpira mzuri akafika besi ya pili, na mimi nikakaa juu ya mikono yangu miwili. Aliyefuata akatolewa, awamu ikaisha, na Pichardo akaja mbio bandani, maana mdakaji ana mavazi mengi ya kuvaa, kinga ya kifua, kinga za miguu, na wenzake tayari walikuwa wanatoka kwenda kulinda. Hapo nikaona. Sabino alikuwa anamngoja na zile kinga mkononi. Kijana akavaa ya kifua, na yule mzee akashuka chini, goti moja, halafu la pili, akaanza kumfunga mikanda ya miguuni. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Na wakati wote anamwambia kitu, na kijana anaitikia kwa kichwa. Akamaliza, akampiga kofi la kigimbini, na kijana akatoka.

Sabino alichukua muda kuinuka. Alishika uzio.

"Magoti hayo," akasema Doña Milqueya, "yanamuuma tangu msimu wa tisa. Na ameyapiga chini kwa sababu ya yule mtoto."

Nikasema, "Nisamehe, Doña. Nilipiga kelele bila kujua."

"Unadhani nimekasirika kwa sababu ulipiga kelele?"

"Si ndiyo?"

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanifokea, mbele ya watu, ganda la karanga mdomoni. "Nimekasirika kwa sababu ulinyamaza! Wiki tatu! Unamshangilia yule mtoto kwa vidole vya miguu, unakohoa uongo, unadhani sioni? Mimi nimelea watoto wawili na mume! Mgeni ndiye anayeficha anachotaka. Mgeni ndiye anayekula kisicho na chumvi na kusema asante. Clarivel alipomtaka yule mwenye sura, alimtaja hata kabla hajatoa viatu! Mimi nina mkwe au nina mpangaji?"

"Una mkwe," nikasema, na machozi yakaanza.

"Basi sema! Niumie wazi, nijue nimeumizwa na wa nyumbani. Usinionee huruma jikoni kwangu. Na ufute pua, tunaonekana kwenye televisheni."

Awamu ya sita Pichardo akamnasa mwizi wa besi, ule uzi uliovutwa tena. Nikasimama, nikamtazama mama mkwe, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Yeye hakusimama. Alikunja uso kama mwenye jino bovu. Lakini alinishika kiuno nisianguke mbele.

Januari 6

Sikukuu ya Wafalme Watatu. Watoto wa mtaa wote wana baiskeli na filimbi. Kabla ya mechi nilisimama barazani nikasema kwa sauti, "Mimi nimemchagua Yeudy Pichardo, mdakaji." Don Fausto akamtazama mkewe. Doña Milqueya akasema, "Mpeni kiti."

Awamu ya kwanza kabisa, Pichardo wangu akauangusha mpira rahisi kuliko yote duniani. Nikaenda kuchemsha kahawa. Mama mkwe alikunywa viwili, akaomba cha tatu, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kona kwamba maji yalikuwa mengi.

Asante, Mungu. Asante kwa maji mengi.

Januari 9

Nimefokewa kwa sababu ya sufuria. Wandel haelewi kwa nini nimeimba mchana kutwa.

Januari 17

Tumetolewa. Tulihitaji ushindi mmoja tu kuingia fainali, na haukuja.

Awamu ya tisa, wawili wakiwa wameshatolewa, tumeachwa kwa mikimbio mitano, zamu ilikuwa ya Pichardo kupiga. Akatoka bandani na rungu mkononi. Halafu akasimama, akarudi, akalitia rungu mikononi mwa Sabino. Kocha aliinua mabega tu. Uwanja mzima ukasimama, na barazani kwetu pia, hata Don Fausto na goti lake bovu. Sabino akaupiga mpira, ukaenda taratibu moja kwa moja kwa mlinzi wao, na akakimbia kama unaweza kuuita ule mkimbio, mpaka mwisho, ingawa alikuwa ameshatolewa zamani. Akaikanyaga besi. Akavua kofia.

Redio ilimhoji baadaye. Amestaafu.

Nikamtazama mama mkwe. Hakulia. Alisema, "Misimu kumi na minne, na hakuwahi hata siku moja kuacha kukimbia mpaka mwisho." Clarivel, asiyejua kunyamaza, akauliza, "Mama, sasa utamchagua nani?"

"Niacheni nimalize siku tisa zangu za matanga," akasema, na akacheka, na sote tukacheka, kisha akaniegemea kidogo begani. Mimi. Alikuwa na binti yake upande wa pili, na akaniegemea mimi.

Januari 20

Kesho ni siku ya Altagracia na nyumba inanukia mishumaa mipya. Asubuhi tulikuwa tunakuna ndizi, mimi na Doña Milqueya, ingawa msimu wa pasteles umekwisha. Nikauliza ni za nani.

"Za Sabino. Anakaa Cabrera, saa moja tu kutoka hapa. Clarivel amesoma na mpwa wake, tumeshamtumia salamu. Amesema tuje, yuko nyumbani, hana kazi ya kufanya na mkewe amechoka kumwona." Akakaza uzi kwa meno. "Nataka kumshukuru mtu huyo ana kwa ana. Nimemfokea kwenye televisheni miaka kumi na minne bila kumpa hata kikombe cha maji. Na wewe utakuja."

Nikaacha kukuna. "Mimi? Mama, mimi ndiye niliyemchagua aliyekaa mahali pake!"

Nilisema Mama. Si Doña. Ilinitoka tu. Hakushtuka, au alijifanya hakushtuka.

"Ndiyo maana. Utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako, na utaona hatakula mtu. Nadhani atakuuliza kama yule mtoto Pichardo anakula vizuri. Lakini hivi vifunge vizuri, siwezi kumpelekea mtu yule vitu vinavyovuja."

Nimefunga ishirini, na havikuvuja hata kimoja. Wandel ameahidi kutupeleka kwa gari lake la kazi, mbele watu watatu tumebanana, mimi katikati, na tayari ninafurahi kwa kubanana huko. Siku bado hatujaipanga, maana anangoja vipuri. Lakini nimempa Mama neno langu, na ninaliandika hapa nisije nikaogopa: Januari haitaisha kabla sijabisha hodi kwa Sabino Tejeda na sahani mkononi.